Pacha, kipandio ama tundu: uongeze vitanzi kwa njia ipi unapoanza kufuma?

Skafu yangu ya kwanza ilianza na vitanzi 30 ikaishia na 41. Sikuwa nimepanga hivyo. Nilikuwa naifumia ndani ya matatu ya Umoja, asubuhi, msongamano wa Jogoo Road umetubana, na mama aliyeketi kando yangu aliniangalia kwa muda kabla hajauliza, "Dada, hiyo skafu inanenepa ama ni macho yangu?" Nikaitandaza magotini. Kule nilikoanzia ilikuwa skafu. Huku nilikofika ilikuwa inaelekea kuwa kitambaa cha meza. Mama akaichukua, akahesabu kwa ukucha wa kidole gumba, akanionyesha mahali patatu. "Hapa ulisahau uzi mbele. Hapa umeokota kitu ambacho si kitanzi. Na hapa pembeni umefuma kitanzi kimoja mara mbili." Akashuka City Stadium, sijamwona tena.

Ilinichukua karibu mwaka kutambua kwamba yale makosa matatu, yakifanywa kwa kukusudia, ndiyo njia tatu kuu za kuongeza vitanzi. Uzi uliosahaulika mbele ni tundu. Kile "kitu ambacho si kitanzi" ni kipandio. Kitanzi kilichofumwa mara mbili ni pacha, au tuseme binamu yake. Kwa hiyo anayeanza anajua tayari kuongeza. Asichojua ni lini ameongeza, na ni njia gani ingemfaa kwa kazi aliyo nayo.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Kitanzi kilicho kwenye sindano kina miguu miwili: wa mbele, unaokutazama, na wa nyuma, uliojificha upande wa pili wa sindano. Pleni ni ule ufumaji wa kawaida unaotoa vi-V vidogo. Kinyume ni ule unaotoa vinundu. Ukifuma pleni kila safu, kwenda na kurudi, unapata kitambaa cha matuta pande zote mbili. Ukienda kwa pleni na kurudi kwa kinyume unapata kitambaa laini upande mmoja, kama sweta ya shule. Shika hizo aina mbili za kitambaa, matuta na laini, kwa sababu nusu ya uamuzi inatoka hapo. Majina ya pacha, kipandio na tundu ni yetu sisi tunaokutana Jumamosi kufuma. Kwenye patani za mtandaoni utakuta herufi tu: kfb ni pacha, M1 ni kipandio, yo ni tundu. Ukirithi patani ya zamani ya Uingereza, kutoka sanduku la shosho, utaona inc peke yake, na mara nyingi wanamaanisha pacha.

Pacha na kipandio

Hawa wawili ndio wanaoshindana kweli, basi niwaweke bega kwa bega.

Pacha anafumwa hivi. Ingiza sindano ya kulia kwenye kitanzi kama unavyofanya siku zote, zungusha uzi, uvute uje mbele. Hapo mkono uliozoea utataka kukiangusha kitanzi cha zamani. Uzuie. Kiache kwenye sindano ya kushoto, zungusha ncha ya sindano ya kulia ipite nyuma, ingia kwenye mguu wa nyuma wa kitanzi kile kile, zungusha uzi, vuta, ndipo uangushe. Kimoja kimezaa viwili.

Kipandio hakigusi kitanzi chochote. Fuma mpaka pale unapotaka kuongeza, kisha zitenganishe sindano zako kidogo, kama mtu anayefungua pazia. Kati ya kitanzi ulichomaliza na kile kinachofuata utaona uzi mmoja umelala, unaunganisha vitanzi viwili kama kipandio cha ngazi. Uinue kwa sindano ya kushoto, kutoka mbele kwenda nyuma, halafu ufume kwa kupitia mguu wake wa nyuma. Utahisi umekaza, sindano inaingia kwa shida. Ndivyo inavyotakiwa: unakisokota hicho kitanzi kipya, na ule msokoto ndio unaoziba shimo.

Tazama sasa tofauti yao kwenye kitambaa laini. Pacha wa kwanza anatoka V safi, asiye na doa. Wa pili, aliye kushoto kwake, anazaliwa na mkanda shingoni: kinundu kidogo kilicholala, mfano wa punje ya mchele iliyokwama kwenye sweta. Ukiwa na pacha mmoja huoni kitu. Ukiwa na kumi na wawili waliopangana mkononi mwa sweta ya rangi moja, utawaona kutoka ng'ambo ya barabara. Kipandio kilichosokotwa hakiachi punje. Ukikitafuta sana utaona V nyembamba iliyoinama kidogo kuanzia mguuni.

Kwenye matuta hadithi inageuka. Kinundu cha pacha kinazama katikati ya vinundu vingine na hakuna atakayekipata, hata wewe mwenyewe kesho yake. Kipandio kwenye matuta kinafanya kazi, ila kwa nini ujisumbue? Kukiona kile kipandio katikati ya matuta, jioni, kwa taa ya chumba kimoja, ni mtihani. Kwa skafu, shali ya matuta, ama blanketi la mtoto, mimi nampa pacha ushindi bila mjadala.

Pacha ana fadhila nyingine ambayo wafumaji stadi huisahau. Kile kinundu ni kumbukumbu. Ukiwa hujui umeongeza mara ngapi, hesabu vinundu vilivyopangana pembeni, basi. Kipandio kilichofumwa vizuri kinajificha, na kwa anayeanza hiyo ni hasara, kwa sababu utajikuta unahesabu sindano nzima upya kila unaposimama kumfungulia mtu wa gesi. Dawa ni kufunga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kila kipandio, au kutia pini ndogo. Wengine huandika kwenye simu. Mimi niliandika kwenye simu mpaka siku simu ilipozima chaji nikiwa kwenye safu ya kuongeza ya saba, ama ya nane.

Halafu kuna suala la kuegemea. Pacha haegemei popote kwa namna ya kukusumbua, lakini kinundu chake daima kiko kushoto, na hapo ndipo watu hushangaa kwa nini kingo mbili za mkono wa sweta hazifanani. Ukifuma pacha kwenye kitanzi cha kwanza kabisa cha safu, kinundu kinakaa nafasi ya pili kutoka ukingoni. Ukifuma kwenye kitanzi cha mwisho kabisa, kinundu kinakaa ukingoni penyewe. Basi upande wa mwisho usingoje kitanzi cha mwisho. Mfume pacha kwenye kile kinachotangulia cha mwisho, halafu umalizie kimoja pleni. Vinundu vyote viwili vitakuwa nafasi ya pili kutoka pembeni, vikitazamana.

Kipandio kina mikono miwili, wa kushoto na wa kulia. Kile nilichoeleza juu kinaegemea kushoto. Ukitaka kinachoegemea kulia, inua ule uzi kutoka nyuma kwenda mbele, ufume kwa mguu wa mbele. Kwenye patani wanaandika M1L na M1R. Nilikuwa nawachanganya kila siku mpaka nikajitungia: ukiingilia mbele, fuma nyuma; ukiingilia nyuma, fuma mbele. Ukikosea kimoja, yaani ukiingilia mbele na kufuma mbele, kitanzi hakisokotwi na unapata shimo. Kwenye mkono wa sweta weka wa aina moja mwanzo wa safu na wa aina nyingine mwisho. Kipi kiwe wapi ni ladha. Cha muhimu ni viinamiane ama vipeane migongo, na usibadilishe katikati ya kazi.

Kijana mmoja wa pale petu alileta mkono wa sweta ya buluu uliokuwa na vishimo pande zote mbili, vimepangana kwa nidhamu kama vitundu vya kamba ya kiatu. Alikuwa anaapa uzi ni mbovu. Nikamwambia aongeze kimoja mbele yangu. Aliinua kipandio vizuri kabisa, kutoka mbele kwenda nyuma, kisha akakifuma kwa mguu wa mbele, kwa sababu kwa mguu wa nyuma sindano ilikuwa inagoma na yeye alidhani kugoma ni ishara ya kosa. "Iache igome," nikamwambia, "ukiona imeingia kirahisi ndipo uogope." Akafumua mkono mzima, safu zipatazo 60, akaanza upya. Vishimo havikurudi. Mkono wa pili aliumaliza kwa siku tatu.

Wapi hesabu inapowaangusha watu

Hili ni jambo ambalo maelezo mengi hulipita mbio, na ndilo linaloharibu kofia nyingi. Pacha anakula kitanzi. Kipandio hakili.

Chukua kofia. Umefuma ule ukingo wa kuvutika, pleni na kinyume kwa zamu, una vitanzi 60 na unataka 72 ili juu ipumue. Unaongeza 12, yaani kimoja katika kila kikundi cha vitanzi 5. Kwa kipandio unafuma pleni 5, kipandio, pleni 5, kipandio. Kwa pacha unafuma pleni 4, halafu kile cha tano ndicho unachomfanya pacha. Ukifuma pleni 5 kisha pacha, kila kikundi kinakula vitanzi 6. Vitanzi 60 vinatoa vikundi 10 tu, na unaishia na 70. Utakaa hapo unahesabu mara tatu, unalaumu macho.

Kipandio nacho kina mtego wake. Kinahitaji kitanzi kila upande, maana ni uzi ulio kati ya viwili. Ukifumia sindano ya mviringo, mwisho wa duru unakutana na mwanzo na hakuna shida. Ukifuma kwenda na kurudi kwa sindano mbili, ukifika mwisho wa safu hakuna kipandio cha kuinua, umefika kwenye hewa. Hapo gawanya kikundi cha kwanza: pleni 2, kipandio, halafu pleni 5 na kipandio mara 11, kisha malizia pleni 3. Hesabu: 2 na 55 na 3 ni 60, vipandio 12, jumla 72.

Na je, ukisahau kuongeza na umeshapita safu nne? Kwa pacha, pole, fumua urudi. Kwa kipandio una mlango wa dharura: tafuta uzi uliolala kwenye safu ile uliyosahau, uinue kwa ndoano ya kroshia, usokote, halafu panda nao ngazi, kipandio kwa kipandio, mpaka kwenye sindano. Kitanzi hicho kitakuwa kimebana kwa sababu kinakopa uzi kwa majirani, lakini baada ya kufuliwa mara mbili huwezi kukionyesha kwa kidole. Kwa mtu anayefumia kwenye matatu, anayepigiwa simu katikati ya safu, hiyo peke yake inatosha kujifunza kipandio.

Tundu

Tundu ndiyo njia rahisi kuliko zote mkononi, na ndiyo inayowatokea watu bila hiari. Leta uzi mbele, upite kati ya sindano mbili, halafu fuma kitanzi kinachofuata pleni kama kawaida. Uzi unapanda juu ya sindano ya kulia na kulala hapo. Huo ndio kitanzi kipya. Kwenye safu ya kurudi unakifuma kama vingine na chini yake linabaki tundu.

Kama unataka tundu, hakuna mpinzani. Shali za urembo, nguo za mtoto mchanga, ama vile viatu vya kufuma ambavyo unapitisha utepe kwenye kifundo cha mguu: yote ni tundu. Angalia tu kwamba kwenye vile viatu hutaki kuongeza, unataka tundu peke yake, basi kila baada ya tundu unafuma vitanzi viwili pamoja na idadi inabaki pale pale.

Kama hutaki tundu, bado usiliache. Kuna ujanja ambao ningependa ningefundishwa siku ya kwanza. Weka uzi juu ya sindano kama kawaida, na safu ya kurudi ukifika pale, ufume kwa mguu wa nyuma. Umelisokota, limezibwa. Kinachotoka kinakaribia sana kipandio, ila kimelegea kidogo kwa sababu kimepewa uzi wake chenyewe badala ya kukopa kwa majirani. Kwa mtu anayebana uzi kwa nguvu, na wanaoanza wengi hubana kama wameshika kamba ya mbuzi, njia hii ni nafuu: hakuna kupigana na sindano. Tatizo ni kumbukumbu. Kazi inafanywa katika safu mbili, na ukiitwa kuepua chai katikati, ukirudi utafuma mguu wa mbele na tundu litabaki likikutazama.

Zoezi zuri la tundu ni kitambaa cha kuoshea vyombo cha uzi wa pamba. Anza na vitanzi 4, fuma safu moja pleni, kisha kila safu: pleni 2, tundu, pleni mpaka mwisho. Kila safu inaongeza kitanzi kimoja, pembetatu inakua huku ukingo wake ukipata vitundu kama lesi. Ukifika vitanzi 40 na kitu, anza kupunguza kwa mpango huo huo mpaka urudi 4. Kitambaa kikiharibika, kitaoshea sufuria vile vile.

Kuna nyingine mbili, nazitaja kwa haraka. Moja ni kukisokota kitanzi kwa kidole gumba na kukiweka kwenye sindano ya kulia. Inachukua sekunde, lakini safu inayofuata kile kitanzi kinalegea, kinateleza, kinakimbia. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hatakipenda. Ya pili tunaiita kitanzi cha mama: unainua mguu wa kulia wa kitanzi kilicho safu moja chini ya kile unachotaka kufuma, unaufuma, kisha unafuma chenyewe. Ndiyo inayojificha kuliko zote, na mtu akiimudu huwa anaringa nayo. Ila inavuta. Ukiirudia kila safu mahali pamoja kitambaa kinakunjamana, kwa hiyo ipe nafasi ya safu mbili ama tatu kati ya moja na nyingine. Iache mpaka uweze kutofautisha kitanzi cha safu hii na cha safu ya chini bila kufikiri.

Uzi wako una kura pia

Uzi mwingi unaouzwa mjini ni wa akriliki. Unafulika na hauwashi, lakini ni mkaidi: shimo ulilofuma leo litakuwa shimo mwaka ujao. Manyoya ya kondoo, kama ule uzi unaosokotwa kwa mkono na akina mama wa Nanyuki, yakiloweshwa na kutandazwa yanatulia, vitanzi vinagawana nafasi, na kipandio kilichobana kinapumua. Kwa hiyo kwa akriliki kuwa mkali zaidi na msokoto, usijiambie kwamba maji yatarekebisha. Wala usijaribu kulirekebisha kwa pasi ya moto. Akriliki ikishika joto inalala na haiamki.

Akriliki ya bei ya chini ina tabia ya kupasuka nyuzi. Unaingiza ncha kwenye kitanzi, kumbe umechukua nusu, na safu inayofuata unakuta nyuzi mbili zilizosimama kama vitanzi viwili. Hiyo si kuongeza, huo ni ufa. Pacha ndiye anayeumia zaidi hapo kwa sababu mguu wa nyuma unauchoma bila kuuona vizuri. Kama uzi wako unapasuka hivyo, tumia kipandio ama tundu la kuzibwa.

Na lile kosa la pembeni, lililonenepesha skafu yangu, lina sababu ndogo sana. Ukigeuza kazi, uzi ukipandia juu ya sindano kwenda nyuma, unakivuta kitanzi cha kwanza mpaka miguu yake yote miwili inasimama juu, inaonekana vitanzi viwili, nawe unavifuma vyote. Kabla hujaanza safu, vuta uzi uje chini, mbele ya kazi, uone kitanzi kimoja kikirudi kuwa kimoja, halafu upeleke uzi nyuma kwa kupitia chini ya sindano.

Ukitaka kuona vitu hivi vilivyofanywa na mikono mingine, nenda Gikomba kwenye marobota ya sweta za mitumba na uzigeuze ndani nje. Angalia mshono wa chini ya mkono. Kwenye sweta zilizofumwa kwa umbo, hata za mashine, utaona vialama vilivyopangana vitanzi kadhaa kutoka mshononi: hapo ndipo mashine iliongeza au kupunguza. Kwenye zile zilizokatwa kwa makasi kutoka kitambaa hakuna vialama, na mshono umezungushiwa uzi kama wa fulana. Hizo za pili usinunue kwa nia ya kufumua upate uzi. Utapata vipande vifupi vifupi vya kufungia sukumawiki.

Ningechagua nini

Kwa mtu aliyenunua sindano wiki jana: pacha, kwenye kitambaa cha matuta, siku mbili tatu, mpaka mkono ujue kwamba idadi inaweza kubadilika kwa amri yako na si kwa bahati. Halafu usikae hapo. Walimu wengi wanampa mwanafunzi pacha na kumwacha nayo miezi, na matokeo yake ni sweta zenye punje za mchele begani. Nenda kipandio mara tu unapoanza kitambaa laini, hata kama kitakusumbua. Tundu lifanyie mazoezi wakati wowote. Ni la bure.

Kwa kofia ya duru, kipandio. Kwa skafu ya pembetatu, pacha pembeni ama tundu pembeni, kutegemea kama unapenda urembo. Kwa sweta inayoanzia shingoni kushuka, ile ambayo kila baada ya safu moja unaongeza vitanzi 8, kimoja kila upande wa mistari minne ya mabega, unaweza kutumia tundu ukitaka mistari ionekane ama kipandio ukitaka itulie. Pacha pale anaweza kupita kwa sweta ya mtoto. Kwa mikono inayofumwa kutoka kiganjani kupanda, kipandio, kitanzi kimoja ama viwili ndani ya ukingo, usiongezee ukingoni penyewe, kwa sababu ukingo ndio utakaoshona nao na unauhitaji umenyooka. Ongeza upande wa pleni tu. Kuongeza upande wa kinyume kunawezekana, lakini anayeanza ajihurumie.

Sasa hivi niko kwenye mikono ya sweta ya dadangu, ambaye anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini na anaitaka kabla ya baridi ya Julai. Sindano ni za milimita 4, zilizoandikwa namba 8 kwa mtindo wa zamani wa Uingereza (ukiona 8 ya Marekani ni milimita 5, kwa hiyo pima, usiamini namba). Kwa mkono wangu vitanzi 20 vinatoa sentimita 10 kwa upana, na safu 28 zinatoa sentimita 10 kwa urefu. Kiganjani nimeanza na vitanzi 40, sentimita 20. Juu ya mkono nataka 64, sentimita 32. Hizo ni 24 za kuongeza, mbili kila safu ya kuongeza, yaani safu 12 za kuongeza. Baada ya ukingo nina sentimita 36 za kufuma, karibu safu 100. Gawanya kwa 12, unapata kila safu ya 8, na zinabaki safu 4 za kumalizia.

Nimefika vitanzi 52. Safu sita za kuongeza zimekwisha, zimebaki sita. Kwenye safu ya nne nilisahau kile cha kulia, nikakipandisha kwa kroshia nikiwa kwenye foleni ya benki, kimebana kidogo. Mama aliyekuwa nyuma yangu aliinama akakitazama, akaniuliza kama najua kufuma soksi.